CRP yangu iko juu na fizi zinatoka damu. Je, ni jambo moja?

Swali la msomaji: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 44, naishi Tanga. Mwezi wa tatu nilipima afya nikaambiwa majibu ya damu: CRP yangu ni 6.2, ESR ni 38 na hemoglobini 11.1. Nikapimwa malaria, mkojo na kifua, hakikuonekana kitu. Baada ya wiki 5 nikarudia, CRP ikawa 5.4. Sina homa. Nina kilo 84 na urefu wa sentimita 160. Wiki iliyopita nilikwenda kwa daktari wa meno kwa sababu fizi hutoka damu nikipiga mswaki. Akasema nina ugonjwa wa fizi, magego yana vifuko vya milimita 5 hadi 6, na mfupa umeanza kuliwa. Anataka kunisafisha kwa ganzi, mara mbili. Je, CRP hii inatoka kwenye fizi? Moyo wangu uko hatarini? Duka la dawa wamenipa amoksisilini na metronidazo. Je, zinatosha bila kusafishwa? Maana nasikia kusafisha kunalegeza meno. Halafu kuna mume wangu. Anavuta sigara, meno yake mawili yanacheza, lakini alipopimwa CRP aliandikiwa “hasi”, na fizi zake hazitoki damu. Inakuwaje mimi ndiye mgonjwa?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Ulivyoipanga barua yako umenirahisishia kazi: umetaja vipimo, umetaja wiki zilizopita kati ya kimoja na kingine, umetaja hata urefu wako. Kitu kimoja tu hukukiandika, nacho ni kizio. Nachukulia kwamba 6.2 na 5.4 ni miligramu kwa lita, kwa kuwa maabara nyingi huandika hivyo, lakini itazame karatasi yako uhakikishe. Zipo maabara zinazoandika miligramu kwa desilita, na kwa hesabu hiyo 6.2 ingekuwa sawa na 62 kwa lita. Hapo tungekuwa tunatafuta nimonia, jipu au maradhi mengine mazito, wala tusingekaa kuzungumzia fizi.

Jibu lenyewe ni hili. Sehemu ya CRP yako yawezekana kabisa inatoka kwenye fizi, na sehemu nyingine yawezekana inatoka kwenye uzito. Hakuna maabara itakayokukatia mstari katikati ikakwambia hii ya fizi, hii ya mafuta. Lakini kwamba fizi zako zinaumwa, hilo halina ubishi, na ushahidi wake haukutoka kwenye damu. Umetoka kwenye kile kipimio chembamba chenye alama ambacho daktari alikiingiza kando ya gego akasoma milimita 5 na 6. Kwenye ufizi usio na ugonjwa, kina hicho huwa milimita 1 hadi 3. Hicho ndicho kipimo cha kushika, na nitakirudia tena kabla sijamaliza, kwa sababu kila wiki napokea watu wenye bahasha nene ya majibu ya maabara ambao hakuna aliyewahi kuwapima fizi hata mara moja.

Sasa, CRP ni kitu gani? Ni protini inayotengenezwa na ini. Waliigundua William Tillett na Thomas Francis mwaka 1930, katika Taasisi ya Rockefeller huko New York, walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Waliona ndani yake kitu kinachoshikamana na kijenzi kimoja cha bakteria wa nimonia, kijenzi walichokiita C, na herufi hiyo imebaki kwenye jina mpaka leo. Mgonjwa akipona, kitu hicho kilitoweka. Baadaye ikafahamika kwamba si cha nimonia peke yake. Kidonda, jipu, upasuaji, malaria, mfupa uliovunjika, yabisi ya viungo, vyote huliamsha ini lile lile lifanye kazi ile ile. Kwa hiyo CRP ni kama ngoma unayoisikia usiku ukiwa kitandani. Unajua kwa hakika kuna shughuli mtaani, na mlio unakudokezea ukubwa wake, lakini hujui ni kwa nani mpaka utoke ukatazame.

Pana jambo jingine kuhusu CRP ambalo linakugusa wewe hasa. Ikishaingia kwenye damu haikai: kila baada ya saa 19 hivi, nusu yake huwa imekwisha. Kiasi kinachokutwa leo kinaeleza ini linaambiwa nini siku hizi hizi. Kama mwezi wa tatu ulikuwa na mafua yaliyopita, baada ya wiki 5 kipimo kingekuwa kimeshuka sana. Chako kimeshuka kidogo tu. Maana yake kuna mahali panapoendelea kuliita ini, polepole, kila siku, bila homa wala maumivu ya kukulaza. Huo ndio mwenendo wa ugonjwa wa fizi, ingawa si wake peke yake.

Ngoja nikueleze njia yenyewe, maana wagonjwa wengi hawaamini kwamba ufizi na ini vina habari za kupeana. Kwenye shingo ya jino, pale ufizi unapolikumbatia, hujikusanya ukoga, ule utando laini unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi. Ukiachwa huwa mgumu ukawa ugaga, na ugaga una uso wa kukwaruza ambao ukoga mpya huushika vizuri zaidi. Ufizi nao hujibu. Mishipa midogo ya damu hutanuka, chembe nyeupe humiminika kuja kupambana, ufizi huwa mwekundu, huvimba, hutoka damu kwa kuguswa. Mwitikio huo ndio tunaouita inflamesheni. Ukiishia hapo, mswaki unatosha kuyarudisha mambo. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima, huko Aarhus, Denmark, waache kusafisha meno. Ndani ya wiki 3 wote fizi zilikuwa zimeugua, na waliporudi kwenye mswaki zikapona.

Ila kwa baadhi yetu mambo hayaishii juu. Ufizi huachia jino, kifuko hufunguka kuelekea kwenye mzizi, na mfupa unaolishika jino huanza kurudi nyuma. Hali hiyo huitwa periodontitisi, na ndiyo uliyoelezwa na daktari wako. Si ugonjwa wa wachache: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba walio na aina kali yake ni zaidi ya bilioni 1. Ukuta wa ndani wa kifuko ni mwembamba, umechubuka, na upande wa pili wake ni damu. Kwa miaka mingi vitabu vyetu vilisema ukijumlisha vifuko vyote vya mgonjwa unapata kidonda cha ukubwa wa kiganja. Hesabu iliyofanywa upya mwaka 2001 ilikishusha hadi kati ya sentimita za mraba 8 na 20. Basi shika kiberiti utazame ule uso wake mpana. Ndio ukubwa tunaouzungumzia. Kidonda cha namna hiyo kingekuwa kwenye mguu wako, hakifungi, kinatoka damu kila siku kwa miaka mitano, usingesubiri mtu akushauri uende hospitali. Kwa kuwa kiko mdomoni na hakiumi, kinazoeleka.

Kutoka kwenye kidonda hicho huondoka vitu viwili. Cha kwanza ni bakteria wenyewe. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwahusisha watu 290 wenye jino la kung'olewa. Katika kundi lililopiga mswaki tu, asilimia 23 walikutwa na bakteria wa aina inayoweza kushambulia valvu za moyo ndani ya damu. Katika kundi lililong'olewa jino bila antibiotiki, asilimia 60. Mwili wenye nguvu huwafagia kwa muda mfupi, lakini mgonjwa wa fizi anatafuna na kupiga mswaki kila siku juu ya kidonda. Kitu cha pili ni ujumbe wa kemikali ambao chembe za kinga hutumiana. Ulio muhimu kwetu hapa ni interlukini-6, au IL-6. Ujumbe huu husafiri kwa damu hadi kwenye ini na kuliamuru litoe CRP. Huliamuru pia litoe fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, na fibrinojeni ikiwa nyingi chembe nyekundu hushikamana mithili ya sarafu zilizopangwa, zikazama upesi zaidi kwenye kichupa. Kasi hiyo ya kuzama ndiyo ESR.

Ndiyo maana ESR yako ya 38 nisingeihesabu kuwa ushahidi wa pili unaojitegemea. Inabebwa na mambo yale yale, tena mtu mwenye damu pungufu ESR yake hupanda hata bila maradhi mengine. Na hemoglobini yako ya 11.1 ni pungufu: kwa mwanamke asiye mjamzito tunaanza kusema damu imepungua ikiwa chini ya 12. Inflamesheni ya muda mrefu inaweza kuchangia, kwa sababu IL-6 hulifanya ini lizuie madini ya chuma yasitoke ghalani kwenda kutengeneza damu, na wako watafiti waliowakuta wagonjwa wa fizi wakiwa na hemoglobini ya chini kidogo kuliko wenzao. Lakini kwa mwanamke wa miaka 44 jambo la kuuliza kwanza ni hedhi, chakula na minyoo. Tafadhali usiuache upungufu huo wa damu ukajificha nyuma ya fizi. Mwombe daktari wako wa kawaida aufuatilie kivyake.

Turudi kwenye swali lako la kwanza: katika hiyo 5.4, fizi zina kiasi gani? Mwaka 2008 Spiros Paraskevas na wenzake wa Amsterdam walikusanya tafiti zilizokuwapo wakazijumlisha. Wenye periodontitisi walikuwa na CRP iliyozidi ya wasio nayo kwa wastani wa miligramu 1.56 kwa lita. Baada ya kutibiwa fizi, CRP ilishuka kwa wastani wa 0.5 hivi. Soma tarakimu hizo kwa utulivu. Zinatuambia uhusiano upo na unapimika. Zinatuambia pia kwamba si mkubwa kiasi cha kuibeba 5.4 nzima peke yake kwa mtu wa kawaida, na kwamba usitegemee kusafishwa kukuletee CRP ya mtoto mchanga. Wastani huficha mengi, ni kweli; aliyeanza juu hushuka zaidi, aliyeanza chini hana pa kushuka. Lakini nimeona watu wakikata tamaa na matibabu mazuri kabisa kwa sababu tarakimu moja ya maabara haikutii matarajio yao, na sitaki hilo likukute.

Kipande kingine cha 5.4 naogopa kwamba ni uzito. Kwa kilo 84 na sentimita 160, BMI yako, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, inakaribia 33. Mafuta ya tumboni hayakai kimya kama akiba ya gunia stoo. Yanatoa IL-6 yenyewe, na ini halina njia ya kujua ujumbe umetoka kwenye ufizi au kiunoni. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, navyo hupandisha CRP bila ugonjwa wowote. Mweleze daktari wako.

Kuhusu moyo. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani waliweka viwango vinavyotumika mpaka leo: CRP chini ya 1 ni hatari ndogo, kati ya 1 na 3 ni ya wastani, zaidi ya 3 ni kubwa, na ikipita 10 tafuta kwanza ugonjwa wa ghafla kisha pima tena. Wewe uko juu ya 3, kwa hiyo najua ulipoingia mtandaoni uliogopa. Lakini neno “hatari” hapo halimaanishi kwamba CRP inaziba mishipa. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi mkubwa wa vinasaba ulioonyesha kwamba watu waliozaliwa na CRP ya juu kwa asili hawaugui moyo kuliko wengine. Ile protini yenyewe ni mpiga ngoma. Kinachosumbua ni shughuli inayoendelea, yaani inflamesheni, na hili lilionekana mwaka 2017 katika jaribio la dawa ya canakinumab kwa watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo. Dawa hiyo haigusi lehemu, inazima tu sehemu ya inflamesheni, na kwa dozi ya miligramu 150 mashambulio mapya na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15 hivi. Pia waliopewa dawa walikufa zaidi kwa maambukizi, ndiyo sababu hakuna anayeigawa ovyo.

Je, kutibu fizi nako kunazima inflamesheni kiasi cha kusaidia mishipa? Jaribio ninalolipenda kuliko yote kuhusu jambo hili ni la London, lililochapishwa mwaka 2007. Watu 120 wenye periodontitisi kali waligawanywa makundi mawili, moja likapata usafishaji wa kina, jingine usafishaji wa kawaida wa juu juu. Watafiti walipima jinsi mshipa wa mkono unavyotanuka damu ikiachiwa kupita, maana mshipa mzima hutanuka vizuri. Siku moja baada ya usafishaji wa kina, hali ya mishipa ilikuwa mbaya kuliko ya kundi la pili, na CRP na IL-6 zilikuwa zimepanda. Miezi 6 baadaye waliosafishwa kwa kina mishipa yao ilitanuka vizuri kuliko ya wenzao, na kadiri fizi zilivyopona ndivyo mishipa ilivyopata nafuu. Nalipenda kwa sababu linaonyesha mambo yote mawili: mdomo na mishipa vinawasiliana kweli, na matibabu yenyewe ni msukosuko mdogo kabla ya kuwa nafuu.

Hata hivyo, kutanuka kwa mshipa si sawa na kunusurika na shambulio la moyo. Mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia ushahidi wote na kusema kwamba uhusiano wa ugonjwa wa fizi na wa mishipa upo, lakini haijathibitishwa kwamba mmoja unaleta mwingine, wala kwamba kutibu fizi kunazuia ugonjwa wa moyo. Mimi ni daktari wa fizi, ingenifaa kukwambia vinginevyo, lakini ukweli ni huo. Kwa hiyo usisafishwe kwa ajili ya moyo. Safishwa kwa sababu una kidonda cha ukubwa wa kiberiti mdomoni na magego yanayopoteza mfupa ukiwa na miaka 44. Moyo uulinde kwa mambo yanayojulikana: pima presha, pima lehemu, punguza kilo kidogo kidogo, tembea.

Na pima sukari. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu katika barua yako yote hakuna mahali ulipotaja kipimo cha sukari. Kisukari na fizi vinasukumana pande zote mbili: sukari ikiwa juu, fizi huharibika haraka, fizi zikiwa na inflamesheni, mwili huitumia insulini vibaya. Mwanamke wa miaka 44 mwenye BMI ya 33 na mfupa unaoliwa kwenye magego anahitaji kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita, kuliko anavyohitaji CRP ya tatu. Kwa wenye kisukari ushahidi wa faida ya kutibu fizi una nguvu kuliko wa moyo. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2013, la watu 514, halikuona faida, lakini lilikosolewa kwamba fizi zenyewe hazikutibika vya kutosha. Jaribio la London la mwaka 2018, la watu 264 waliofuatiliwa mwaka mzima, liliona HbA1c ikiwa chini kwa pointi 0.6 kwa waliotibiwa kwa kina. Na mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupitia tafiti za tiba, yaliyojumuisha tafiti 35 yalipata upungufu wa pointi 0.43 baada ya miezi 3 hadi 4. Kwa mgonjwa wa kisukari hiyo ni nafuu ya kuikimbilia.

Sasa dawa ulizopewa. Usizimeze kama mbadala wa kusafishwa. Bakteria wa kwenye kifuko hawaelei wakisubiri kuuawa. Wamejijengea utando, wamekaa juu ya ugaga, na dawa inayokuja kwa damu inawafikia kwa shida. Utaona damu imepungua kwa wiki mbili tatu, utafurahi, kisha mambo yatarudi kwa sababu ugaga uko pale pale. Na kila mara tunapofanya hivyo tunawafundisha bakteria kuzizoea dawa ambazo mwanao atazihitaji siku akiwa na nimonia. Ni kweli kwamba amoksisilini na metronidazo kwa pamoja hutumika katika baadhi ya hali kali za fizi, lakini hutumika pamoja na usafishaji, kwa uamuzi wa daktari aliyekutazama mdomoni. Ziweke, nenda nazo siku ya miadi, mwonyeshe. Na kama una valvu ya moyo ya bandia, au uliwahi kuugua maambukizi ya ndani ya moyo, mwambie kabla hajaanza, maana hapo antibiotiki hutolewa kwa sababu nyingine.

Kwamba kusafisha kunalegeza meno: hili nimelisikia tangu nikiwa mwanafunzi na naelewa linakotoka. Ugaga mwingi hushikanisha meno kama saruji mbaya. Ukiuondoa, jino ambalo mfupa wake ulishaliwa zamani huonyesha udhaifu liliokuwa nao. Juu ya hapo, uvimbe wa ufizi ukishuka, meno huonekana marefu na mianya hujitokeza katikati yake, na mengine huhisi baridi kwa wiki kadhaa. Mgonjwa anasema, “Nilikwenda na meno mazuri, nikarudi nayo hivi.” Kumbe mfupa uliondoka kabla hajafika. Kwa vifuko vya milimita 5 hadi 6 ulivyo navyo, mwalimu, kazi hii ya ganzi kwa mara mbili ndiyo hasa ningekufanyia mimi. Ukiona umelala nayo vibaya usiku ule, una joto kidogo na uchovu, kumbuka lile jaribio la London: siku ya kwanza CRP hupanda. Kwa hiyo usikimbilie maabara wiki hiyo. Ukitaka kuirudia, subiri miezi 3, uwe huna mafua, huna malaria, huna kidonda kingine.

Lakini kipimo nitakachokuuliza mimi baada ya miezi hiyo ni kingine. Nitauliza vifuko vina milimita ngapi sasa, na vikiguswa vinatoka damu au havitoki. Vikishuka hadi 4 au chini yake na damu imekoma, umepona kwa maana tunayoitaka, hata CRP ikibaki 4 kwa sababu ya kilo. Vikibaki 6 na damu inatoka, hujapona, hata CRP ikishuka hadi 1. Nyumbani kazi iko katikati ya magego, ambako mswaki haufiki. Omba uonyeshwe brashi ndogo za katikati ya meno zinazolingana na mianya yako. Mswaki wa mti si vibaya, mradi uifikie shingo ya jino nyuma pia, mahali ambapo wengi huishia kupasugua kwa haraka.

Nimalizie na mume wako, ambaye ukiniuliza mimi ndiye anayenitia wasiwasi zaidi kati yenu wawili. Neno “hasi” kwenye karatasi yake karibu hakika limetokana na kipimo cha tone la damu kwenye kibao, kile kinachoganda au kisigande. Vipimo vingi vya aina hiyo haviioni CRP mpaka ifike miligramu 6 kwa lita. Ile 5.4 yako ungeipeleka kwenye maabara hiyo, nawe ungeandikiwa “hasi”. Inflamesheni ya fizi kwa kawaida inaishi chini ya mstari huo, kwa hiyo karatasi yake haikumtoa kwenye ugonjwa, ilishindwa tu kumwona. Na fizi zake kutotoka damu si dalili njema: tumbaku huzidhoofisha dalili za ufizi, damu haitoki kwa urahisi, wekundu unafifia, huku mfupa ukiendelea kuliwa haraka kuliko kwa asiyevuta. Meno mawili yanayocheza kwa mtu mzima ambaye hakuangukia mdomo ni habari kamili, haihitaji maabara. Nenda naye miadi hiyo hiyo. Na akikubali kuacha sigara, mwandae mapema kwa jambo moja: wiki za kwanza fizi zinaweza kuanza kutoka damu ambayo hakuwahi kuiona. Wengi wakiona hivyo hudhani kuacha ndiko kumewadhuru, wanarudi dukani kununua pakiti. Mwambie ni ufizi unaoanza kujibu tena, na ampigie simu daktari wa meno badala ya kuiwasha nyingine.